Mashine Ilipozimwa

Gari jeusi la kubebea maharusi liliingia karakana likiwa bubu. Redio iliwaka, namba zikakimbia kwenye kioo chake kidogo, lakini spika zote zilinyamaza kama watu waliosusa. Fundi aliyeitwa Masikio alifungua buti, akainama juu ya amplifaya, akaona taa nyekundu mahali ambapo palipaswa kuwa na ya kijani. Aliguna. Taa hiyo maana yake ni kwamba kifaa kimejifunga chenyewe ili kisiungue. Mahali fulani waya umegusa pasipotakiwa.

"Hajafa huyu," alimwambia mwenye gari. "Amesusa tu."

Mwenye gari alikuwa mtu mnene, nadhifu, mwenye sauti nzito. Kazi yake ilikuwa kukodisha magari ya harusi, na mtaani walimwita Bwana Harusi, ingawa ndoa zake mwenyewe zilikuwa zimemshinda zote mbili. Alicheka.

"Mbembeleze basi. Huyu akikubali, ninayo mengine yanataka kufungwa muziki mpya. Yote nitayaleta kwako. Wanasema mji huu hauna sikio kama lako."

"Wanasema mengi," fundi alijibu, na macho yake hayakubanduka midomoni mwa mteja.

Hakuna aliyeona ajabu katika hilo. Wateja walidhani ni adabu: mtu anayekutazama usoni unapoongea, hakukatizi, anasubiri umalize. Ni mkewe tu aliyejua. Sauti nzito fundi alizipata bado: ngoma, injini, wanaume wenye vifua vipana kama Bwana Harusi. Lakini sauti nyembamba, za filimbi, za mbu, za watoto, zilikuwa zimemtoroka moja baada ya nyingine bila kuaga. Hata ya mkewe sasa ilimfikia ikiwa imechakaa, maneno yamekatikakatika, na ilimbidi ayaunge mwenyewe kwa kuangalia midomo.

Alianza kazi kama alivyoianza siku zote, kwa mpango. Alichomoa nyaya za spika kwenye amplifaya, mmoja mmoja, akisubiri kidogo kila mara. Alipochomoa ule wa mlango wa mbele wa kulia, taa nyekundu ilizimika na ya kijani ikawaka. Alikwenda mlangoni, akaufungua na kuufunga taratibu huku amegusa bomba la mpira linalopitisha nyaya kwenye bawaba. Ndani yake waya ulikuwa umesuguliwa mpaka shaba ikatoka nje. Aliukata, akaunga upya kwa risasi ya kuyeyusha, akaufunga tepu. Kisha aliona kwamba waya wa ardhi wa amplifaya, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, umekaa kwenye bolti iliyoliwa na kutu. Hakupenda. Aliuhamishia kwenye kishikizo kizuri cha chuma chini ya kiti cha nyuma, akakikuna kwa msasa mpaka kikang'aa.

Ndipo alipomwita mkewe.

Mkewe alikuja na ufumaji wake, akaingia kiti cha nyuma, akakaa katikati. Siku za mwanzo walikuwa wakilifanya jambo hili kwa aibu, kama wachumba wanaokonyezana mbele ya wazazi. Sasa lilikuwa kazi. Akiinua mkono wa kushoto, spika ya kushoto ina hitilafu; akiinua wa kulia, ni ya kulia. Akijikuna shavu, sauti inakwaruza. Akivuta kilemba, kuna filimbi. Na akiuweka ufumaji mapajani na kutulia, basi mambo yako sawa. Fundi, kwenye kiti cha dereva, alimtazama kwa kioo cha juu.

"Mkeo anapenda sana magari," Bwana Harusi alisema, akiwa amesimama nje na kuegemea mlango.

"Anapenda kukaa kitako," fundi alijibu, na mkewe akamtupia jicho.

Karakana yao ilikuwa kibanda cha mabati kilichogawana ukuta na mashine ya kusaga nafaka. Mashine hiyo ililia tangu watu wanapofungua kazi mpaka wanapofunga. Wageni waliziba masikio. Wenyeji walikwisha sahau kuwa inalia, kama mtu anavyosahau pua yake. Fundi aliwasha injini ya gari, akaweka wimbo wa taratibu wa mwanamke, akakanyaga mafuta, akaachia, akakanyaga tena. Hapo ndipo magonjwa mengi ya redio hujitokeza. Mkewe aliinamisha kichwa, akasikiliza kushoto, akasikiliza kulia, akasikiliza nyuma. Kisha aliuweka ufumaji mapajani, akatulia.

"Safi," alisema Masikio.

Bwana Harusi alimpa mkono, akaondoka na gari lake likiimba.

Jioni ile walikula mapema. Walikuwa watatu mezani, kwa sababu mjukuu wao wa kike aliishi nao wakati mama yake akifanya kazi mji mwingine. Alikuwa mtoto mwembamba mwenye sauti nyembamba zaidi, na alikuwa na mengi ya kusema.

"Babu, mwalimu anataka boksi la viatu. Tupu. La kutengenezea nyumba. Unalo?"

Fundi alimtazama kwa upendo, akatabasamu. "Vizuri sana. Endelea hivyo hivyo, mjukuu wangu."

Mtoto alimgeukia bibi yake. Bibi akasema kwa sauti ya kupaza, akikaza midomo: "Anaomba boksi. Boksi la viatu."

"Ah, boksi. Lipo. Nitahamisha bolti zangu, nikupe."

"Asante," mtoto alisema, akiinamia sahani. Hakusema tena jambo lingine mpaka alipokwenda kuosha vyombo.

Mkewe alisubiri mpaka maji yakasikika uani. "Baba, mtoto ameanza kunyamaza. Umeona? Zamani alikuwa anakusimulia mpaka chakula kinapoa."

"Amekua."

"Hajakua. Amechoka kurudia." Alivuta kiti karibu. "Tuwaambie watu. Si aibu. Kuna daktari wa masikio, kuna vile vifaa vya kuvaa. Lakini huwezi kwenda kwa daktari kwa kujificha kama mwizi, na huwezi kuvaa kitu sikioni wateja wasikione."

"Ndiyo maana sivai."

"Mpaka lini?"

Fundi alipangusa meza kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi. "Wewe niambie. Kukiwa na kinyozi kipofu hapo nje, utampa shingo yako?"

Alicheka, akitaka jambo liishie kwenye kicheko. Alipoona mkewe hacheki aliendelea kwa sauti ya chini, sauti yake mwenyewe aliyoisikia vizuri kwa kuwa ilitokea ndani. "Bwana Harusi ataleta magari yake yote. Hiyo ni kazi ya miezi. Tuifanye kwanza. Mimi mikono yangu ina kosa gani? Macho yangu je? Wewe unanisikilizia, mimi natengeneza. Hatumdanganyi mtu. Gari linatoka limepona."

Ilikuwa kweli, na mkewe alijua: mpaka siku ile kila gari lilikuwa limetoka limepona.

Bwana Harusi alirudi mwisho wa juma, asubuhi, akiwa peke yake. Alizima injini, akashuka polepole, akawaamkia wote wawili. Mkewe fundi alikuwa mlangoni mwa karakana akimimina chai.

"Fundi," alisema, "jana bibi harusi ameniuliza kama nimefuga mbu ndani ya gari."

Fundi alimkazia macho. "Mbu?"

"Kuna filimbi. Nikikanyaga mafuta inapanda, nikiachia inashuka. Nilizima muziki, nikawapeleka watu kimya kimya kama tunakwenda kuzika." Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayetarajia kuelezwa jambo. "Njoo ukae. Usikie mwenyewe."

Fundi aliingia kiti cha abiria. Bwana Harusi alikaa kwenye usukani, akafunga milango yote ili kelele za mashine zipungue, akawasha injini na redio. Wimbo ulianza. Fundi aliinua macho kwenye kioo cha juu, kwa mazoea. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

"Unaisikia?"

"Ngoja kidogo," fundi alisema. Aliweka kiganja kwenye mlango, juu ya spika, akahisi ngoma zikigonga, kila moja mahali pake. Hakuna alichokiona kibaya. Akafikiri: labda ilikuwa jana, kwenye joto, labda waya ulilegea kisha ukakaa. "Naona imetulia."

Bwana Harusi aligeuza shingo akamtazama. Kisha akanyoosha kidole akausimamisha wimbo, lakini redio akaiacha inawaka. Alikanyaga mafuta mpaka sindano ya dashibodi ikapanda. Filimbi ilitoka kwenye milango yote minne, kali, ikapanda pamoja na injini kama birika linalochemka.

"Na sasa?"

Fundi alisikia injini, nzito na nzuri. Alimwona mteja wake ameacha kuzungumza, anasubiri.

"Sasa kimya," alisema.

"Kimya?"

"Kimya kabisa."

Bwana Harusi aliondoa mguu. Alikuwa amewahi kuwa na baba mzee, na alijua alichokuwa akikitazama. Alishusha kioo, akaita kwa upole, "Mama, hebu njoo hapa."

Mkewe fundi alikuja, akaingiza kichwa dirishani. Bwana Harusi akakanyaga mafuta tena.

"Hiyo ni mashine," mwanamke alisema upesi. "Mashine ya kusaga, hapo nyuma."

"Mashine iko kule nje, mama. Hii iko hapa mlangoni. Inama."

Aliinama. Akasogeza sikio kwenye spika, akalitoa nje ya dirisha, akalirudisha. Zilikuwa sauti mbili. Zilifanana kama pacha, ila hii ya mlangoni ilipanda na kushuka kwa mguu wa dereva, na ile ya ukutani haikumjali mtu. Uso wake ulibadilika. Fundi, ambaye siku hizi alisoma nyuso kuliko kitu kingine chochote, aliusoma huo mpaka mwisho.

"Nina harusi leo mchana," Bwana Harusi alisema baada ya kuzima gari. Sasa alikuwa akiangalia usukani. "Nakuachia funguo. Nakwenda kuchukua maua, nikirudi nataka lipigwe muziki watu wasikie. Kama bado linapiga filimbi, fundi wangu, usinichukie. Nitalipeleka kwingine, na yale mengine pia."

Alikwenda zake kwa miguu, akivuta suruali juu kukwepa vumbi la unga.

Walitoa kiti cha nyuma pamoja, wakakiweka chini juu ya gunia. Walikunja mkeka wa gari. Amplifaya ilining'inia kwenye nyaya zake. Muda wote huo mke alikuwa akitafuta neno, na fundi hakumtazama, kwa hiyo hata kama angelisema lisingemfikia. Mwishoni alimshika mkono.

"Nilikuwa naisikia siku ile," alisema. "Ilikuwa humu masikioni, nikaipita tu."

"Ulidhani ni mashine."

"Sikudhani kitu. Ndiyo ubaya wenyewe. Ningedhani, ningeuliza."

Fundi alitikisa kichwa polepole. Zamani angekaa kwenye kiti kile, na kabla gari halijamaliza kunguruma angekwisha sema: ardhi. Filimbi inayofuata injini ni ardhi mbovu, jambo ambalo hata fundi wa mwaka wa kwanza analifahamu. Hakumlaumu mkewe. Alimkopa masikio yaliyokuwa na kazi zao nyingine, masikio ya mtu aliyejifunza kuishi pembeni ya mashine, akayafanya kipimo.

"Basi leo tusitumie masikio," alisema. "Ya kwangu wala ya kwako. Ingia kwenye usukani, nikiinua mkono ukanyage."

Alichukua kipimaumeme. Waya mmoja aliufunga kwenye betri upande wa hasi, akauvuta mpaka nyuma. Wa pili aliugusisha kwenye kile kishikizo alichokikuna mwenyewe kikang'aa. Aliinua mkono. Mkewe akakanyaga. Sindano ya kipimo, ambayo hapo ilipaswa kulala, ilisimama, ikapanda na injini, ikashuka na injini. Fundi aliitazama kwa uchungu, kwa sababu ilikuwa ikimwonyesha kwa macho kitu alichokuwa akikisikia ujana wake wote.

Akafungua kishikizo. Juu kilikuwa chuma safi. Chini kilikuwa kimekaa juu ya rangi nene ya kiwandani, na hata bolti zake zilikuwa zimepakwa. Kiling'aa bure, kilikuwa hakigusi mwili wa gari. Aliuvua waya, akaufupisha, akatafuta sakafu ya gari yenyewe, akakwangua rangi kwa bisibisi na msasa mpaka akafika kwenye chuma cheupe. Akafunga, akakaza, akavuta kwa nguvu kuona kama unacheza. Kisha akautoa waya wa ardhi wa redio kutoka nyuma ya dashibodi, akauleta mpaka palepale, zikae bolti moja. Aliinua mkono tena. Injini ikapanda. Sindano ikalala.

"Imelala," mkewe alisema.

"Sindano haiimbi." Alijifuta jasho kwa mkono wa shati. "Nimewahi kuona sindano imelala na gari linapiga filimbi. Weka redio. Sikiliza."

Alisikiliza. Milango ya gari ilikuwa wazi, kiti hakipo, na ukutani mashine ilikuwa imepamba moto, maana ilikuwa siku ya watu wengi. Alifumba macho. Akayafumbua.

"Vipi?"

"Sijui."

"Husikii?"

"Nasikia. Ila sijui ninachosikia ni kipi." Mikono yake ilikuwa imeshika ufumaji ambao hakukumbuka kuuchukua. "Ninaogopa nikisema ndiyo. Na nikisema hapana ninaogopa."

Kulifunga gari na kulipeleka barabarani kungechukua muda wote uliobaki, na kama filimbi ipo wangerudi kulifungua wakati mteja amesimama hapo na maua yake. Fundi alitazama ukuta.

"Mwambie msagaji azime kidogo."

"Nimwambie kwa sababu gani?"

"Mwambie kichwa kinakuuma."

Alikwenda. Msagaji alikuwa mtu mchangamfu, mweupe kwa unga mpaka kope, na pamba kwenye masikio. Mbele yake kulikuwa na foleni ya wanawake na wazee, ndoo na magunia yamepangwa mpaka barabarani. Wote walimfahamu.

"Zima kidogo," alimwambia.

"Nini?"

"Mashine. Zima kidogo, tunajaribu redio."

Msagaji alitoa pamba sikio moja. "Mama, si unaona mzigo uko ndani? Nikizima sasa, kuiwasha ni kusukuma mkanda kwa mikono. Jaribuni hivyo hivyo. Mumeo si ana masikio kama popo yule? Anasikia sisimizi akikohoa."

Wa mbele kwenye foleni walicheka. Mwanamke alicheka nao kidogo, kwa adabu. Kisha akasema, bila kupaza, "Hasikii."

"Eh?"

"Nimesema hasikii."

"Sikupati, mama."

Machozi yalikuwa yamemfika. Msagaji aliyaona, na akafikiri mengine: mtu ameungua, mtu ameangukiwa na gari huko nyuma. Akarukia swichi. Naye mwanamke, asijue mkono ule ulikwenda kufanya nini, alijaza kifua pumzi akapiga kelele ya mtu anayetaka kusikika juu ya mashine.

"Mume wangu amekuwa kiziwi. Hasikii tena redio. Mimi ndiye ninayemsikilizia."

Maneno yalianzia kwenye kelele, yakaishia kwenye kimya. Mashine ilikuwa imezimika. Duka la ng'ambo walisikia, mshona viatu alisikia, waliokuwa foleni hadi yule wa barabarani walisikia. Kwenye mtaa ule mzima ni mtu mmoja tu ambaye maneno hayo hayakumfikia, na ndiye ambaye yalimhusu. Alikuwa ameketi kwenye usukani, milango wazi, akimngoja mkewe. Aliona watu wanageuka, mmoja mmoja, wanamtazama. Alitazama nyuma yake kuona kuna nini. Hapakuwa na kitu. Akarudisha macho mbele, akaelewa.

Mkewe alirudi akitembea katikati ya kimya kile. Hakuingia kiti cha nyuma, hakikuwepo. Mumewe alisogeza miguu, naye akasimama mlangoni pa gari, mbele ya watu wote, akakanyaga mafuta kwa mguu wake mwenyewe akiwa amesimama, redio ikiwa inawaka bila wimbo. Injini ilipanda na kushuka. Hakuna filimbi. Kulikuwa na injini tu, na kuku uani kwa mtu. Akaweka wimbo. Mwimbaji alitoka msafi, kila neno, na bibi mmoja kwenye foleni akasema taratibu, "Maskini, na ametengeneza vizuri hivyo."

Mke alitikisa kichwa: ndiyo. Hakutumia ishara nyingine yoyote. Fundi alitikisa kichwa pia, akazima gari, akaanza kurudisha kiti.

Bwana Harusi aliporudi gari lilikuwa limefungwa na kufutwa vumbi, na habari ilikuwa imekwisha mfikia kabla hajafika karakana. Alizunguka barabara mara moja, akakanyaga, akaachia, akarudi akitabasamu. Alitoa pesa mfukoni. Fundi alijifuta mkono kwa kitambaa, akaunyoosha. Lakini Bwana Harusi, bila nia mbaya, alimpita, akaziweka kwenye kiganja cha mkewe.

"Mama, safi sana. Mwambie nimeridhika." Alikuwa akiongea na mke. "Na yale mengine nitayaleta, kama nilivyosema. Ila uwe unakuwepo, nitakuwa naongea na wewe. Itakuwa rahisi."

"Mwambie mwenyewe," mke alisema. "Yuko hapo."

Bwana Harusi aliona haya. Alimgeukia fundi, akapanua mdomo, akapaza sauti na kuyakata maneno kama anayefundisha mtoto. "NI-TA-LE-TA. MA-GA-RI. MENGINE."

"Usipaze," fundi alisema. "Sauti yako ni nzito, naipata. Nimekuwa nikiipata siku zote."

"Samahani, fundi."

"Si neno. Yalete."

Gari lilitoka likiimba. Kwenye foleni watu walianza kuinua ndoo zao, na msagaji na wanaume wawili walikuwa wakisukuma mkanda ili mashine ishike. Hakuna aliyelalamika kwa kucheleweshwa, na hilo ndilo lililomuuma fundi kuliko yote. Alikuwa amezoea mtaa unaomtania. Mchana ule wote hakuna aliyemtania. Walimpungia mkono kwa mbali, wakapita polepole, kama wanavyopita kwenye nyumba ya mgonjwa.

Nyumbani mjukuu alikuwa mezani akikata madirisha kwenye boksi la viatu. Fundi hakukaa kwenye kiti chake. Alisimama katikati ya chumba, bado amevaa nguo za kazi.

"Kule mashineni ulisema nini?" aliuliza.

Mkewe aliacha kupakua. "Nilimwambia azime."

"Najua. Halafu?"

"Halafu nikamwambia kwa nini."

"Kwa maneno gani? Watu wote wanayo maneno hayo isipokuwa mimi. Msagaji anayo, mshona viatu anayo. Bwana Harusi ameyakuta njiani. Na mimi niyapate."

Mkewe alitazama mtoto, akamtazama yeye. Akayasema, polepole, akikaza midomo kama alivyozoea. Fundi alitikisa kichwa.

"Hapo nimeyaona. Sitaki kuyaona. Nataka kuyasikia."

Akageuka, akampa mgongo, akauelekea ukuta. Shingo yake ilikuwa na mstari wa grisi pale alipojishika.

Mkewe aliyasema tena, kwa sauti ya kawaida ya ndani ya nyumba. Fundi hakutikisika. Aliyarudia kwa sauti kubwa zaidi. Mjukuu alisimamisha mkasi.

"Bado," fundi alisema kwa ukuta. "Sema kama ulivyosema kule."

"Baba, basi. Jirani watasikia."

Hilo pia hakulisikia. Alibaki amesimama, mikono imening'inia, anangoja. Mkewe alikwenda akasimama nyuma yake, karibu kiasi cha kuweza kumgusa, na hakumgusa. Akavuta pumzi. Akapiga kelele iliyomkwaruza koo, mpaka vijiko vikalia kwenye sahani, mpaka mtu nyumba ya pili akafungua dirisha.

"Mume wangu amekuwa kiziwi."

Yaliyobaki hakuweza kuyasema.

"Ee," alisema fundi. "Hiyo nimeisikia."